Kompyuta imenipa 0.58, makohozi yanasema sina TB: nimwamini nani?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni bodaboda hapa Morogoro, nina miaka 34. Wiki tatu zilizopita lilikuja gari la eksirei karibu na stendi wanapima TB bure, nikaingia. Nikapigwa picha ya kifua, hata dakika mbili hazijaisha kompyuta ikatoa namba 0.58 na kwenye skrini pafu la kulia huku juu limewekwa wekundu. Nikauliza daktari yuko wapi, dada akaniambia kompyuta ndo imesoma, nenda pale katoe makohozi. Nimetoa, majibu yamekuja hakuna TB. Sasa mkweli nani hapo, maana 0.58 si zaidi ya nusu? Na huko tuendako ndo tutatibiwa na kompyuta bila daktari? Picha yangu nayo imebaki kwa nani? Nina mtoto wa miaka 7, wakirudi nimpeleke nae? Nilisahau kusema, TB niliwahi kuumwa 2015 nikamaliza dozi.

JIBU: Marahaba kaka. Nianzie mwisho wa meseji yako, maana kitu kikubwa kuliko vyote umekitupia huko mwishoni kama vile umekumbuka umeacha funguo mlangoni. Uliwahi kuumwa TB 2015. Hicho ndo kingekuwa kitu cha kwanza mimi kukuuliza kabla hata hujavua shati, na ndo kitu ambacho ile kompyuta haikukuuliza kwa sababu haina mdomo wa kuuliza, yenyewe inapewa picha tu, inaangalia picha, inatoa namba, basi.

TB ikipona mdudu anakufa lakini pafu halirudi kuwa jipya. Ni kama ulivyoungua na ekzosi ya pikipiki mguuni, najua alama unayo kila bodaboda anayo, kidonda kimepona miaka mingi lakini ngozi pale haijawahi kufanana na ngozi ya jirani yake. Pafu nalo hivyo hivyo, linabaki na kovu, na kovu kwenye eksirei linaonekana jeupe jeupe, mistari mistari, limevuta pafu kidogo kwenda juu. Na TB ya mtu mzima inapenda sana kukaa huko juu, kwenye ncha ya pafu. Sasa ile programu imefundishwa kwa picha nyingi mno za vifua, wenye TB na wasio na TB, ikajifunza kwamba weupe wa namna ile ukiwa huko juu basi mara nyingi ni TB. Ikaona wako. Ikapaka wekundu. Haikusema uongo, pale kweli kuna kitu hakiko sawa, ila ilichokiona inawezekana kabisa ni cha 2015 na sio cha mwaka huu, na hili tatizo la waliowahi kuugua linajulikana vizuri, programu zote za aina hii zinachanganyikiwa zaidi kwa watu kama wewe kuliko kwa mtu ambae hajawahi kuumwa.

Halafu hiyo 0.58. Kaka hiyo SIO asilimia. Haimaanishi una asilimia 58 ya kuwa na TB. Najua ndo inavyosomeka na wala sikulaumu, hata wahudumu wengine nimewasikia wakimwambia mgonjwa hivyo hivyo. Ichukulie kama maksi za mtihani. Maksi 58 peke yake haikwambii mtoto kafaulu au kafeli mpaka ujue shule imeweka wapi mstari wa kufaulu. Wale wa kwenye gari walikaa chini kabla hawajawasha injini wakakubaliana, mwenye kuanzia namba fulani anaenda kutoa makohozi, aliye chini anarudi nyumbani. Wangeweka mstari 0.6 ungepanda pikipiki yako ukaondoka na wala usingeniandikia. Kuna programu inatoa namba kuanzia 0 mpaka 1 kama yako, nyingine inatoa kuanzia 0 mpaka 100, na namba za huyu huwezi kuzilinganisha na za yule, hata programu hiyo hiyo ikitoka toleo jipya namba zinahama na mstari inabidi upangwe upya. Mstari anauweka binadamu. Shika hilo maana nitalirudia.

Sasa tupige hesabu kidogo, chukua karatasi. Tuseme siku ile walipita watu 1,000 na kati yao 10 wana TB kweli. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina kipimo chake cha chini kwa kitu chochote cha kuchekecha watu wa TB, wanataka kiwakamate angalau 90 katika kila wagonjwa 100, na kiwaache huru angalau 70 katika kila wazima 100. Chukua programu inayofikia hapo hapo bila kuzidi. Wagonjwa 10, inawakamata 9. Wazima 990, inawaachia 693, inawasumbua bure 297. Jumla walioambiwa nenda katoe makohozi ni 306, na ndani yao wenye TB ni 9 tu. Umeona? Katika kila mia mliosimama kwenye ile foleni ya vikopo, wagonjwa ni kama watatu. Kwa hiyo kuambiwa na kompyuta uende kwenye kikopo sio hukumu hata kidogo, wengi wa wanaoambiwa hivyo hawana kitu, na mfumo umepangwa hivyo makusudi.

Kwa nini makusudi? Kwa sababu ya hela. Makohozi yako nadhani yamepimwa kwa mashine ya GeneXpert, ile inatafuta vinasaba vya mdudu wa TB mwenyewe na majibu yanatoka chini ya saa mbili, lakini kila mtu mmoja anakula katriji moja, kile kikopo cha kuchomeka kwenye mashine, na katriji hata baada ya bei kushushwa Septemba 2023 ni dola 7.97, hiyo ndo bei ya nchi zetu. Ukiwapima wote 1,000 ni karibu dola 8,000. Ukiwachekecha kwanza kwa picha ukapima 306 ni kama dola 2,440. Pesa inayobaki unaenda nayo stendi ya pili. Ila usisahau yule mmoja wa kumi, yule aliyekuwa na TB kweli kweli kompyuta ikampa namba ndogo akaambiwa uko salama akarudi chumbani kwake analala na watoto. Yupo. Kila siku ya zoezi yupo, na hatumjui sura. Mimi huyu ndo ananikosesha usingizi kuliko wale 297 waliotemea kwenye kikopo bure.

Kwa hiyo kati ya kompyuta na makohozi mkweli ni nani: hawajabishana. Mmoja kazi yake kunyoosha kidole, mwingine kazi yake kuthibitisha. Na kwa kesi yako naegemea kwa makohozi, tena kwa sababu moja ambayo wengi hawaijui, kile kipimo kwa mtu aliyewahi kuugua kikikosea mara nyingi kinakosea kwa kusema IPO, kwa sababu kinaweza kunusa mabaki ya mdudu aliyekufa zamani. Kwako kimesema haipo. Hiyo ni habari nzuri, kwa sharti moja tu, kwamba ulitoa makohozi na sio mate. Kama ulisimama pale watu wanakuangalia ukaona aibu ukatema mate kidogo ukakabidhi (wanaume mnafanya sana hii), basi umepima mate.

Na wewe kwa kuwa uko Morogoro nikukumbushe kitu cha hapo hapo kwenu. Wale panya buku wa shirika la APOPO pale chuo kikuu cha kilimo, SUA, unawajua, wale wanaonusa mabomu. Tangu 2007 wananusa na makohozi ya TB, panya mmoja anapita sampuli 100 kwa dakika kama 20, akisimama akakwaruza kwenye tundu basi hiyo sampuli inawekwa pembeni. Pembeni kwenda wapi? Kwenda maabara kupimwa tena na binadamu. Hakuna mgonjwa Tanzania hii aliyeanzishiwa dozi kwa sababu panya kakwaruza. Mimi nikiulizwa na wanafunzi akili mnemba (AI) kwenye hospitali ni nini, hua nawaambia ni panya buku asiyekula ndizi. Wanacheka, lakini ndo jibu lenyewe: ana pua kali kuliko sisi kwenye kitu kimoja alichofundishwa, hachoki, na hajui kabisa TB ni nini.

Na hii sio ya jana. Machi 2021 ndo WHO walisema rasmi kwamba programu hizi zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu kwenye kuchekecha TB kwa picha za kifua, kwa watu wa miaka 15 kwenda juu. Kuna CAD4TB ya Waholanzi, qXR ya Wahindi, Lunit ya Wakorea na nyingine kadhaa. Lakini kabla ya hapo zilishajaribiwa sana Afrika, Zambia, Afrika Kusini, hata kwetu, mwaka 2015 ilichapishwa kazi moja ya kuchekecha wafungwa kwenye gereza la Tanzania na kompyuta ikiwemo. Kwa hiyo mtu akikwambia tunaletewa majaribio ya wazungu mwambie vifua vya kufundishia na kupimia vingine ni vya kwetu.

Nikupe mambo mawili niliyoyaona mwenyewe kwenye kazi yangu ya kusoma eksirei, moja la kumcheka kompyuta na moja la kunicheka mimi.

La kwanza, dada mmoja kaja kupiga picha ya kifua ya kazi, kasuka rasta ndefu zile nene. Mtu wa eksirei kamwambia azifunge juu, kazifunga, wakati wa kuvuta pumzi zimefunguka zikaangukia mabegani. Programu ikapiga kelele, ncha zote mbili za mapafu nyekundu, namba iko juu sana. Nikafungua picha nikakuta mistari imesukwa vizuri kabisa kama mkeka inatoka shingoni inapita nje ya mwili. Rasta! Nywele nzito au zenye unyevu zinaonekana kwenye eksirei, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa mionzi analijua hilo. Picha ikarudiwa nywele zimefungwa kwa kilemba, namba ikashuka chini kabisa. Sasa fikiria kituo ambacho hakuna wa kuifungua hiyo picha, dada wa watu kalala wiki nzima anajiona marehemu kwa sababu ya saluni.

La pili. Siku hiyo nilikuwa na picha nyingi mno, mwenzangu yuko likizo, nafikiri zilikuwa zimevuka 120, saa kumi na mbili jioni nasoma naandika "kifua kiko sawa", "kifua kiko sawa", mpaka vidole vinaandika vyenyewe. Mzee mmoja nikamwandikia hivyo hivyo. Programu tulikuwa nayo kwa majaribio, haikuwa na mamlaka yoyote, ikaweka alama nyekundu nyuma ya mtulinga wa kushoto, mahali ambapo mfupa na mbavu zinapishana na jicho linapita haraka. Nikataka kuipuuza maana ilishanisumbua na rasta. Nikaikuza picha. Kitu kipo, kama punje ya korosho. Haikuwa TB hata, ilikuwa uvimbe, na programu haikujua ni uvimbe, ilijua tu pale sio pa kawaida. Mzee akaitwa. Ningekuwa peke yangu jioni ile mzee angekuwa kaondoka na karatasi yangu inayosema yuko sawa, na sahihi yangu chini.

Ndo maana mimi sio mmoja wa wale madaktari wanaozichukia hizi mashine wala sio wa wale wanaozipigia debe kwenye semina.

Tuje kwenye huko mbele. Mwaka 2016 kule Toronto, Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wakubwa wa hii teknolojia, alisema watu waache kusomesha madaktari wa mionzi sasa hivi, ndani ya miaka mitano hivi kompyuta itakuwa imewazidi. Mimi wakati huo ndo niko darasani nasomea mionzi, rafiki zangu wakawa wananitumia ile klipu WhatsApp na vikatuni vya kucheka, pole ndugu, anza kulima. Imepita miaka mitano, ikapita mingine. Hinton 2024 kapewa Nobel ya fizikia, anastahili kabisa, na mimi foleni ya picha mezani imeongezeka. Alikosea wapi? Hakukosea kuhusu mashine, mashine kweli zinasoma vizuri. Alikosea kuhusu kazi. Alidhani kazi yetu ni kuangalia picha. Kuangalia picha ni sehemu, nyingine ni hiyo niliyokufanyia hapa, kukuuliza 2015 ulikuwa wapi, kumpigia simu daktari wa wodini kumwambia hii picha umeomba ya upande siyo, kumkatalia mtu kipimo cha mionzi asichokihitaji. Na picha zikiwa rahisi kusomwa watu wanapiga nyingi zaidi, hazipungui.

Sehemu ambazo imefanya vizuri kweli zina kitu kimoja kinachofanana, mtu hakuondolewa. Kule Sweden kila picha ya matiti ya kutafuta saratani ilikuwa inasomwa na madaktari wawili. Wakachukua wanawake zaidi ya 105,000, nusu wakasomewa kama kawaida, nusu kompyuta ikachuja kwanza, picha zisizo na wasiwasi zikaenda kwa daktari mmoja, zenye wasiwasi kwa wawili. Saratani zilizogunduliwa zikaongezeka kwa asilimia 29 na mzigo wa kusoma ukapungua asilimia 44. Hayo ndo matokeo yanayonifanya nikae sawa kwenye kiti. Lakini angalia, hakuna picha hata moja iliyosomwa na kompyuta peke yake, na Sweden kabla ya kompyuta walikuwa na madaktari wawili kwa kila picha, sisi kuna wilaya hazina hata mmoja. Sisi hatuulizi kompyuta imsaidie daktari wa pili, tunauliza kompyuta iwe badala ya daktari ambae hajawahi kuwepo. Hilo ni swali jingine kabisa na majibu ya Sweden hayalijibu.

Linalokaribia kwetu zaidi ni la Nairobi. Kliniki za Penda Health, zile za mtaani, waliweka AI nyuma ya mfumo ambao tabibu anaandikia mgonjwa, yenyewe inasoma kimya kimya anachoandika na inawasha taa, kijani endelea, njano tazama tena, nyekundu simama kwanza usome. Vituo 15, mahudhurio 39,849, matokeo yalitoka 2025, makosa ya kutambua ugonjwa yakapungua kwa asilimia 16 na ya matibabu asilimia 13. Kazi waliifanya pamoja na OpenAI, kampuni yenye hiyo AI yenyewe, na kila mwamba ngoma huvutia kwake, halafu hawakuweza kuonyesha kwamba wagonjwa wenyewe walipona zaidi kuliko wengine. Ila mpangilio wake naupenda sana. Tabibu anafikiri kwanza, anaandika kwanza, ndo taa inawaka. Haimwandikii, inamshika mkono akitaka kukosea, na uamuzi unabaki wake.

Kwa nini napenda hivyo? Poland kwenye vituo vinne waliangalia madaktari wa kamera ya utumbo mpana, watu wazoefu kabisa, waliokuwa wamezoea kufanya kazi na AI inayowaonyesha vinyama vya kutiliwa shaka. Siku AI ikizimwa wakawa wanavikuta kwa asilimia 22.4 ya wagonjwa, wakati zamani kabla hawajaizoea walikuwa wanavikuta kwa asilimia 28.4. Yani jicho limelala. Wewe bodaboda utanielewa, vijana walioanza kazi na ramani ya simu, chaji ikiisha hawajui Kihonda iko wapi. Sasa kwetu ambako umeme unakatika na mradi unaisha mfadhili akiondoka, kumzoesha tabibu mashine halafu siku moja mashine inaondoka na gari lake, huyo tabibu umemwacha pabaya kuliko ulivyomkuta.

Na mazingira nayo, watu wa kompyuta huwa wanayasahau. Thailand Google waliweka programu ya kusoma macho ya wagonjwa wa sukari kwenye kliniki 11, kwenye maabara ilikuwa inafanya vizuri ajabu, kufika kliniki karibu picha moja kati ya tano inakataliwa na mashine kwa sababu chumba hakina giza la kutosha au picha haikutulia, na intaneti inakwenda kwa kujivuta, manesi wakabaki na mgonjwa aliyepoteza siku nzima hana jibu. Zile za TB angalau nyingi zinafanya kazi kwenye kompyuta ndogo humo humo garini bila intaneti, na kimashine cha eksirei cha kubeba kina betri, ndo maana liliweza kukufuata stendi.

Nikiulizwa mimi huko mbele tutaona nini, naona chekeche nyingi. Za mapafu, za macho, za shingo ya kizazi, za mimba, tayari Lusaka walishaonyesha mtu ambae sio mtaalamu wa ultrasaundi anapitisha tu kifaa juu ya tumbo la mjamzito bila kuangalia anachokiona na kompyuta inakadiria umri wa mimba vizuri tu. Hizo zitakuja, zitashuka bei, utazikuta mpaka zahanati. Wasiwasi wangu hauko kwenye chekeche uko kwenye sufuria iliyo chini yake. Ukichekecha wilaya nzima ukapata watu 300 wa kutoa makohozi na katriji ziko 80, unafanya nini? Nakwambia watu wanafanya nini: wanapandisha mstari. Jana 0.4 leo 0.7, foleni inapungua, ripoti inapendeza, na yule mgonjwa mmoja wa kumi aliyekuwa anaachwa sasa wanakuwa watatu. Hakuna aliyetia sahihi, hakuna daktari aliyekosea, kompyuta haina leseni ya Baraza la Madaktari kwamba itaitwa ijieleze. Mstari umehamishwa na mtu aliyekuwa anaangalia bajeti. Kama kuna kitu wizara na wanasheria wakikalie kikao ni hicho, nani anaruhusiwa kuugusa huo mstari na anaandika wapi kwamba kaugusa. Hayo mengine ya roboti kuvaa koti jeupe tuwaachie wenye muda.

Kidogo pembeni, sijui kama umefanya lakini wengi wanafanya: usiipige picha filamu yako ukaiweka kwenye ChatGPT ukaiuliza una TB au huna. Programu ya kwenye lile gari ilifundishwa kitu kimoja na ikapimwa kwenye hicho kimoja. Zile za kuongea zinajua kuongea, na zitaongea tu hata pale hazijui. Kuna mama alinijia anatetemeka kaambiwa moyo wa mwanae uko upande wa kulia. Nikamwomba anionyeshe picha aliyotuma. Alikuwa kaishika filamu dirishani kinyume nyuma mbele.

Picha yako sasa. Kawaida inabaki kwenye kompyuta ya mradi, na kwa baadhi ya mipango inapanda kwenye seva za mbali, inaweza kuwa na jina lako au namba tu. Unayo haki ya kuuliza, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake ipo inafanya kazi, taarifa za afya zimo kwenye zile zinazolindwa kwa ukali zaidi. Usiulize kwa ugomvi. Nenda kwa mratibu wa TB wa wilaya, atakuwa anawajua hao wenye gari, muulize mambo matatu: picha yangu iko wapi, nani anaiona, na je itatumika kufundishia programu. Na la nne kwa faida yako mwenyewe, omba nakala. Nakala ni dhahabu kwako kuliko mtu mwingine, kwa sababu una kovu, na maisha yako yote kila utakapopigwa picha ya kifua mtu au kompyuta itashtuka. Ukiwa na ya mwaka huu pembeni daktari anazilinganisha mbili, kovu halijabadilika, anakuachia uende. Piga na picha kadi yako ya dozi ya 2015 kama bado iko kwenye begi la vyeti, iweke kwenye simu.

Kwa sasa kama hukohoi, hutoki jasho la usiku la kulowesha shuka, hupungui, huna homa za jioni, endelea na kazi. Kikohozi kikifika wiki mbili au hizo dalili nyingine zikitokea, rudi hospitali usisubiri gari, wewe uliyewahi kuugua unaweza kuugua tena, na pale pale kwenye kujieleza sema 2015 mwanzoni kabisa, usiiweke mwisho kama ulivyoniwekea mimi.

Mtoto wa miaka 7 usimpeleke kwenye foleni ya ile kompyuta. Yale maelekezo ya 2021 yalikuwa ya kuanzia miaka 15, TB ya mtoto haifanani na ya mtu mzima kwenye picha, inajificha kwenye tezi katikati ya kifua na sio huko juu, na programu zilizofundishwa kwa vifua vya watu wazima zinaweza kumpa namba ndogo wakati anaumwa. Kama anakohoa, haongezeki uzito, hachezi kama zamani, mpeleke kliniki ya watoto akaonwe na mtu, na kadi yake ya uzito uende nayo.